Saa 15 Hadi New York: Ni Nini Kinachopanga Urefu wa Safari ya Ndege?

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iliondoka Nairobi ikiwa na abiria waliokuwa wakienda New York bila kutua popote. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo uwanjani kuipungia bendera. Kwa taifa zima ilikuwa habari ya fahari, lakini kwa familia zenye ndugu Marekani habari yenyewe ilikuwa idadi ya saa: takriban 15 za kwenda na 14 za kurudi, mahali ambapo watu walikwisha kuzoea safari ya saa 20 au hata zaidi ya siku nzima.

Hesabu hiyo ina mambo matatu ya kushangaza. Miji hiyo miwili imetenganishwa na takriban kilomita 11,840. Boeing 787 ikishafika juu hukata kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya, unapata saa 13 na dakika chache. Basi saa mbili za ziada za kwenda zinatoka wapi? Kwa nini kurudi kuwe kufupi kuliko kwenda, ilhali umbali ni uleule? Na kwa nini aliyepitia mji mmoja tu wa katikati alitumia saa nyingi kiasi kile kuliko anayekwenda moja kwa moja?

Nayachukua maswali haya kwa uzito kwa sababu kwa watu wetu walio mbali, saa ndizo zinazoamua nani atawahi maziko ya mzazi, nani atafika mgonjwa angali anaongea, na nani atasimuliwa tu. Na nikiyafuatilia moja baada ya jingine, naona kwamba maumbile ya dunia yana sehemu yake isiyoepukika, lakini sehemu hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani. Saa nyingi tunazopoteza angani na viwanjani zimepangwa na watu, na kwa hiyo zinaweza kupangwa upya na watu.

Njia iliyonyooka ni ipi?

Mtu akifungua ramani ya ukutani na kuunganisha Nairobi na New York kwa rula, mstari wake utapita juu ya Kameruni na Nigeria, uikate Afrika Magharibi, kisha uvuke Atlantiki ukielekea kaskazini-magharibi. Ni mstari mzuri kwa macho, lakini si njia fupi. Ramani nyingi za ukutani zinafuata mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kumsaidia nahodha kushika mwelekeo mmoja wa dira. Ramani hiyo hulitandaza tufe kuwa karatasi, na kwa kufanya hivyo huyavuta maeneo ya kaskazini na kusini yaonekane makubwa na yaliyo mbalimbali kuliko yalivyo.

Chukua mpira, uwekee alama mbili, uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi huo utajipindia wenyewe kuelekea upande wa ncha ya mpira. Ndivyo ilivyo kwa njia ya Nairobi na New York. Ukiikokotoa juu ya tufe, inaondoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, inapita karibu na Mlima Elgon, inaingia Sudan Kusini, inagusa kusini mwa Darfur, kisha Chad, Niger, Algeria na Morocco. Kutoka hapo inaingia baharini, inapita juu ya visiwa vya Azores vya Ureno, inapanda hadi kama nyuzi 42 kaskazini mwa ikweta, halafu inashuka kidogo kuikuta New York.

Kwa hiyo karibu nusu ya safari ya kwenda Marekani iko juu ya Afrika, na sehemu yake ndefu ni Sahara. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa kuwa kila nchi iliyo chini ya mstari huo ina mamlaka juu ya anga yake, na ina uwezo wa kuifunga. Nitalirudia baadaye.

Umbo la dunia linatupa pia kikomo. Mzunguko wa dunia ni takriban kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna miji miwili inayoweza kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000. Safari ndefu kuliko zote za abiria zisizotua njiani, ile ya Singapore na New York, ni ya kilomita zaidi ya 15,300 na huchukua zaidi ya saa 18. Nairobi na New York hazifiki kiwango hicho. Lakini bado ni safari ndefu hata kwa ndege za leo.

Upepo, mwenye njia wa kale

Sasa tuje kwenye saa moja inayopotea kwenda na kuokolewa kurudi. Hii ni kazi ya upepo, na watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa somo hilo upya. Mababu zao walisafiri kwa kaskazi na kusi kwa karne nyingi, na walijua kwamba umbali kati ya bandari mbili haujulikani mpaka uulizwe mwezi.

Ushahidi ulio wazi zaidi uliandikwa na wageni. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyepewa pale pale, wakati kusi inaanza kuvuma. Alifika pwani ya Calicut, India, tarehe 20 Mei, siku 26 baadaye. Kurudi hakusubiri kaskazi ikomae. Aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, akasukwasukwa na utulivu wa bahari na pepo za mbisho, akapoteza mabaharia wengi kwa ugonjwa, na hakuiona Malindi mpaka tarehe 7 Januari 1499. Bahari ileile, pande zilezile mbili: chini ya mwezi mmoja kwenda, zaidi ya miezi mitatu kurudi.

Ndege haiko chini ya upepo kiasi hicho, lakini haijaachana nao. Kati ya kilomita 9 na 12 juu ya ardhi, katika latitudo za kati za kaskazini, kuna mikondo ya upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa, na wakati wa baridi huweza kuzidi 300. Chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya hewa ya tropiki na hewa ya ncha ya dunia, pamoja na mzunguko wa dunia yenyewe. Tofauti hiyo huwa kubwa wakati wa baridi ya kaskazini, na ndiyo maana mikondo hiyo huwa mikali zaidi kati ya Desemba na Machi.

Ndege iliyotoka Nairobi haikutani nayo mapema. Juu ya Sudan Kusini na Chad upepo wa juu kwa kawaida si mkali kama huo. Ni inapofika kaskazini mwa Sahara na kuingia Atlantiki ndipo ndege inapoukabili uso kwa uso. Tuseme kwamba ukichukua safari nzima, wastani wa upepo wa mbele ni kilomita 50 kwa saa. Mwendo halisi juu ya ardhi unashuka hadi 850, na safari inakuwa karibu saa 14. Kurudi upepo uleule unasukuma kutoka nyuma, mwendo unakuwa 950, na safari inakuwa saa 12 na nusu. Upepo wa wastani tu unazaa tofauti ya saa moja na nusu.

Siku upepo ukivuka wastani, tofauti huwa ya ajabu. Mwanzoni mwa Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ilipokuwa ikielekea Ulaya, ndege ya British Airways ilitoka New York na kufika London kwa saa 4 na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Ndege haikuwa na injini mpya, ila ilikuwa ndani ya mto wa hewa uliokuwa ukienda upande ilikokwenda.

Ndiyo sababu njia ya ndege haichorwi mara moja kwa mwaka. Kila siku, saa chache kabla ya kuondoka, wapanga safari hupokea utabiri wa upepo na kuchagua upya: leo tupite kaskazini kidogo, kesho kusini. Mara nyingi njia ndefu zaidi kwa kilomita ndiyo iliyo fupi kwa saa. Abiria anayetazama skrini mbele ya kiti chake na kuona ndege imejipinda asidhani rubani anazurura.

Uwanja ulio juu na hewa iliyo nyepesi

Upepo na umbo la dunia vinajulikana kwa wengi. Jambo la tatu halizungumzwi sana, ingawa kwa Afrika Mashariki ni la kwetu hasa: urefu wa viwanja vyetu kutoka usawa wa bahari.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Mabawa hupata nguvu ya kuinua kutokana na hewa inayopita juu na chini yake, na injini hupata nguvu kutokana na hewa inayovuta. Hewa ikiwa nyepesi, vyote viwili hupungua. Ndege italazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi juu ya barabara ya kurukia kabla ya kuinuka, na injini zitakuwa na nguvu pungufu. Barabara ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na hiyo inasaidia, lakini haiondoi tatizo lote. Joto nalo huipanua hewa na kuizidishia wepesi, kwa hiyo kuondoka usiku, hewa ikiwa ya baridi, ni faida.

Kwa safari fupi hili halina maana. Kwa safari ya saa 15 ni jambo la kupimwa kwa kilo. Boeing 787-8 inaruhusiwa kuondoka na uzito usiozidi takriban tani 228, na hutumia kama tani tano za mafuta kwa saa. Safari ya New York inahitaji makumi ya tani za mafuta kabla hujahesabu abiria 234, ambayo ndiyo idadi ya viti vya ndege hiyo, mizigo yao, na maua au mboga zinazosafirishwa chini. Uwanja ukiwa juu na upepo wa mbele ukiwa mkali, kitu kimoja lazima kipungue, na mafuta hayapungui.

Waethiopia wanalijua hili kuliko sisi. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines zilizokwenda Washington zililazimika kutua njiani kuongeza mafuta, wakati mmoja Rome, wakati mwingine Dublin. Lakini kutoka Washington, uwanja ulio karibu na usawa wa bahari, na upepo ukiwa nyuma, ndege hizohizo zilirudi Addis moja kwa moja. Mlima na upepo vilikuwa vimeungana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Mtu aliyeangalia ratiba bila kujua haya angedhani shirika limeamua tu kuwachosha abiria wa kwenda.

Ratiba inahesabu nini?

Kuna jambo la nne, dogo lakini lenye kupotosha. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi si saa za kuruka. Zinaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuishia inapoegeshwa tena. Ndani yake mna foleni ya kuelekea barabara ya kurukia, mwendo wa taratibu wa kupanda, kuzunguka kusubiri nafasi ya kutua, na safari ya mwisho hadi mlangoni. Katika kiwanja chenye msongamano kama John F. Kennedy, hayo yanaweza kumeza nusu saa au zaidi kwa urahisi.

Ndiyo maana wastani wa mwendo hupungua sana kwenye safari fupi. Dar es Salaam na Zanzibar zimeachana kwa kilomita sabini na kitu, na ndege huchukua kama dakika 20. Huo ni mwendo wa kilomita mia mbili na ushei tu kwa saa, kwa sababu ndege haijamaliza kupanda na tayari inaanza kushuka.

Kisha kuna saa za ukutani. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi ya huko, na saa saba wakati wa joto, kwa vile Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka nasi hatusogezi. Anayeondoka Nairobi saa tano na nusu usiku mwezi Januari na kufika New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi ataona kwenye tiketi kana kwamba amesafiri saa saba. Amesafiri saa 15. Mwili haudanganywi na tiketi. Kwa kawaida unahitaji kama siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na wengi huona kurudi mashariki kuwa kugumu zaidi, kwa kuwa mwili huchelewesha usingizi kwa wepesi kuliko unavyouharakisha. Anayekuja msibani kwa siku nne anaondoka kabla mwili wake haujafika.

Kutua mara moja kunagharimu nini?

Mpaka hapa tumehesabu maumbile, na tumepata maelezo ya zile saa mbili: upepo unachukua kama saa moja, na maegesho, kupanda, kushuka na kupinda njia vinachukua iliyobaki. Sasa tulinganishe na kitu ambacho si cha maumbile.

Kabla ya Oktoba 2018, msafiri wa Nairobi alipita Amsterdam, London, Paris, Dubai, Doha, Addis Ababa au penginepo. Tuchukue Amsterdam. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 6,680, na kutoka hapo hadi New York ni kama 5,860. Jumla ni 12,540, yaani kilomita 700 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja. Kwa ndege inayoruka hiyo si hata saa nzima. Lakini msafiri huyo anatumia saa nane na nusu au tisa kufika Ulaya, saa mbili au tatu au zaidi kusubiri, kisha kama saa nane nyingine kuvuka bahari. Anakaribia saa 20. Kwa kilomita 700 amelipa saa tano.

Dubai ni ghali zaidi. Nairobi hadi Dubai ni kama kilomita 3,550, na Dubai hadi New York ni 11,020. Jumla inazidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita 2,700, na safari huanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki, ilhali unakokwenda ni kaskazini-magharibi. Saa tano za kwanza, kungoja, halafu saa 14 nyingine. Hata hivyo watu wengi huichagua, kwa sababu ya nauli, au kwa sababu wanapita na biashara zao, na wana haki hiyo. Ila wajue wanachonunua na wanachouza.

Historia inathibitisha kwamba adui mkubwa wa saa ni vituo. Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, na mwaka uliofuata likaifikisha njia hiyo Cape Town. London hadi Cape Town ilikuwa safari ya siku kumi na zaidi, watu wakilala mahotelini njiani na kula mezani kila kituo. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ya shirika la BOAC ikafungua enzi ya ndege za jeti za abiria kwa safari ya London hadi Johannesburg. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ilichukua karibu saa 24. Leo miji hiyo miwili imeachana kwa kama saa 11.

Je, ndege za leo zina mwendo mara mbili ya Comet? Hata kidogo. Comet ilikwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na Boeing 707, iliyoanza kubeba abiria wa Pan Am mwaka 1958, ilikuwa na mwendo unaokaribia kabisa ule wa ndege za sasa. Ndege ya Concorde ilivunja kiwango hicho, lakini ilistaafishwa mwaka 2003. Kwa zaidi ya miaka 60 mwendo wa ndege za abiria haujaongezeka. Kilichoongezeka ni uwezo wa kubeba mafuta ya kutosha, injini zisizokula sana, na uaminifu wa injini hizo, kiasi kwamba ndege ya injini mbili sasa inaruhusiwa kwenda mbali na viwanja vya dharura, jambo lililokatazwa zamani. Maendeleo yote hayo yana tunda moja: kutotua.

Mipaka ambayo haionekani kutoka dirishani

Sasa turudi kwenye ule mstari uliopita Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger na Algeria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulitambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kwa hiyo njia iliyo fupi kwa hesabu inategemea amani na ridhaa ya serikali zilizo chini yake.

Aprili 2023 vita vilizuka Sudan, na anga yake ikafungwa kwa ndege za kiraia. Julai mwaka huo jeshi likapindua serikali Niger, na tarehe 6 Agosti watawala wapya wakafunga anga ya nchi hiyo, wakaifungua tena mwanzoni mwa Septemba. Libya, iliyo katikati ya hizo mbili upande wa kaskazini, ilikuwa tayari ikiepukwa na mashirika mengi kwa miaka kadhaa. Kwa kipindi hicho karibu upana wote wa katikati ya Sahara ulikuwa ukuta. Ndege za kati ya Ulaya na kusini mwa Afrika zililazimika kuzunguka, baadhi kwa mamia ya kilomita, na nyingine zikaahirisha safari. Mstari wa Nairobi na New York ulikatwa mahali pawili.

Dunia nzima iliona mfano mwingine mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Ulaya ziliifungia Urusi anga zao, nayo ikajibu hivyohivyo. Safari ya Finnair kati ya Helsinki na Tokyo, iliyokuwa kama saa tisa juu ya Siberia, ikawa kama saa 13, nyingine zikipita karibu na Ncha ya Kaskazini. Miji haikusogea hata mita moja.

Hapa kwetu mipaka haihitaji hata vita. Januari 2024 mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ilitangaza kwamba itasimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa kujibu hatua ya Kenya kuinyima Air Tanzania ruhusa fulani za kusafirisha mizigo kupitia Nairobi. Viongozi walikutana na jambo likamalizwa kwa siku chache. Lakini fikiria maana yake. Miji hiyo imeachana kwa mwendo wa saa moja na kidogo. Barua moja ya ofisini ingetosha kuifanya iwe mbali kwa nusu siku kwa wale wasio na ndege nyingine.

Ruhusa pia ndiyo iliyoizaa safari ya New York. Ndege ya 787 ilikuwepo Nairobi tangu mwaka 2014, na upepo na umbo la dunia havikubadilika. Kilichosubiriwa ni karatasi: Februari 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliitambua Kenya kuwa imetimiza viwango vya kimataifa vya usalama wa anga, na bila hatua hiyo hakuna shirika la Kenya ambalo lingeanzisha safari ya kwenda huko. Mchakato huo ulihusisha ukaguzi, sheria na mpangilio wa uwanja wenyewe, ikiwa ni pamoja na kutenganisha abiria wanaowasili na wanaoondoka. Ni kazi ya maofisa, si ya mainjinia wa injini, na ilikata saa tano.

Umbali kati ya Waafrika wenyewe

Ukilielewa hilo, jambo linalouma zaidi si safari ya Marekani. Ni safari za humuhumu. Dar es Salaam na Dakar zimeachana kwa takriban kilomita 6,650. Dar es Salaam na Amsterdam zimeachana kwa zaidi ya 7,300. Lakini anayekwenda Amsterdam hupanda jioni na kuamka Ulaya, na anayekwenda Dakar hana ndege ya moja kwa moja. Atabadili njiani, na akikosa bahati atangoja sana. Mji ulio karibu kwa kilomita uko mbali kwa saa.

Viongozi wa Afrika walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1999 walipitisha Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga za bara kwa mashirika ya Afrika, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga. Miezi tisa baadaye ndege ya Nairobi ikaenda New York. Ndege imefika. Soko hilo bado linasuasua, kwa kuwa kila serikali inaogopa shirika lake dogo litamezwa, na kodi na ada za viwanja zinabaki juu. Hofu hiyo ina msingi, na mashirika mengi ya Afrika kweli yana hali ngumu. Lakini gharama ya kuyalinda inalipwa na abiria kwa nauli na kwa saa, na hakuna bajeti inayoionyesha.

Familia za Zanzibar zenye ndugu Muscat zinajua ninachosema. Ni kama kilomita 3,900, saa tano na kitu angani. Kunapokuwa na ndege ya moja kwa moja, mtu aliyepigiwa simu usiku anaweza kuwahi maziko ya kesho yake. Isipokuwepo, atafika siku ya khitma. Kwa anayetoka Nairobi kwenda msibani Dallas hata ndege ya moja kwa moja haitoshi: saa 15 hadi New York, kupanga foleni ya uhamiaji na kuchukua mizigo hapo, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka hayo yafanyike mahali pa kwanza pa kuingilia, kisha kama saa nne nyingine hadi Texas. Ni zaidi ya saa 22. Familia inayomngojea iyajue haya kabla ya kupanga saa ya kuzika, isije ikamlaumu kwa kuchelewa.

Basi anayenunua tiketi asiishie kuuliza ni saa ngapi. Aulize inatua mara ngapi, inangoja wapi na kwa muda gani, inapita juu ya nchi gani wakati huu, na kama saa zilizoandikwa ni za kwenda au za kurudi. Na anayetunga sera aelewe kwamba upepo hatauweza, wala hatateremsha uwanda wa Nairobi hadi usawa wa bahari. Hivyo viwili kwa pamoja vinamgharimu msafiri saa moja au mbili. Kituo kisicho cha lazima kinamgharimu tano, na anga iliyofungwa inaweza kumgharimu nne. Serikali za Afrika Mashariki zinajivunia kila kilomita ya lami na reli zinayojenga, na zinastahili. Zihesabu vilevile saa ambazo raia wao wanazipoteza kwa kukosa makubaliano, kwa sababu hizo hazihitaji lami wala mkopo. Zinahitaji saini.